Biskuti za maua: maswali ninayoulizwa kila Idi ikikaribia

Kila Ramadhani ikifika kumi la mwisho, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. Waridi limegeuka jeusi. Choya (rozela) imegeuka kijivu. Biskuti zina ladha ya sabuni. Mkwe hataki kula ua. Nimeyakusanya hapa yale yanayojirudia ili nami nipate kuoka. Ninaoka nyumbani Unguja kwa oveni ndogo ya umeme, na umeme ukikatika nahamia kwenye mkaa. Nikisema dakika 15, ni dakika 15 za oveni yangu. Ya kwako ichunge kwa macho na pua.

Biskuti za maua si mambo ya Wazungu haya?

Kilichokuja juzi ni kubandika ua zima juu ya biskuti ili lipigwe picha. Kula ua hatukuanza jana. Karafuu ni ua ambalo halijachanua: huchumwa likiwa bado limefumba kichwa na linaanza kuiva wekundu, kisha huanikwa juani siku kadhaa mpaka likauke na kuwa la kahawia. Likichanua mtini, mwenye shamba amekula hasara. Zafarani nayo ni vile vinyuzi vitatu vyekundu vilivyo katikati ya ua dogo la zambarau, na gramu moja kavu huhitaji maua kama 150. Maji ya waridi yamo kwenye halua, yamo kwenye vileja, na pamoja na zafarani yamo hata kwenye kombe, yale maandishi ya Kurani yanayooshwa yakanywewa kama dawa. Bibi akikwambia yeye hali maua, muulize halua aliyokula jana ilikuwa inanukia nini.

Nianze na ua gani?

Waridi kavu. Linasamehe makosa, linapatana na iliki ambayo kila nyumba inayo, na ukizidisha kidogo watu watasema "limekolea" badala ya kutema. Lavenda usianze nayo.

Nipe kipimo ambacho hakijawahi kukuangusha.

Vileja vya waridi. Unga wa mchele laini gramu 250, samli iliyoganda gramu 140, sukari ya unga gramu 100, viini vya mayai 2, maji ya waridi ya kupikia vijiko vikubwa 2, petali za waridi zilizokauka kijiko kikubwa 1, iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai, beking pauda robo kijiko cha chai, chumvi kidogo sana.

Sukari na petali zisage pamoja kwanza, kwenye blenda kavu au kinu. Hatua hii usiiruke: punje za sukari ndizo zinazopasua petali na kushika mafuta yake. Chukua samli na sukari hiyo, piga mpaka vigeuke vyeupe na vyepesi, tia viini, kisha maji ya waridi kidogo kidogo. Unga uchekeche pamoja na iliki, chumvi na beking pauda, uutie, ukusanye donge bila kukanda. Lifunike, liweke kwenye friji saa moja au zaidi. Usiku mzima ni bora, kwa sababu unga wa mchele ni mkavu na unataka muda wa kunywa unyevu.

Fanya vidonge vya ukubwa wa ndimu changa, vibonyeze kidogo juu kwa uma au kifuniko cha chupa chenye nakshi. Oka kwa nyuzi joto 160 za Selsiasi kwa dakika 15 hivi. Vitoke vikiwa bado vyeupe juu na chini vimeanza tu kupata rangi. Usiviguse vikiwa moto, vinabomoka. Viache kwenye treya hadi vipoe kabisa.

Kwa nini unga wa mchele na si wa ngano kama biskuti nyingine?

Swali hili nalipenda. Unga wa ngano una gluteni, ile protini inayofanya donge livutike, na gluteni huamshwa na maji. Kila kijiko cha maji ya waridi unachotia kwenye donge la ngano kinakuharibia ule ubiskuti: badala ya kuvunjika mdomoni, inakuwa ngumu, inatafunika kama mkate uliolala. Unga wa mchele hauna gluteni. Utie vijiko viwili vya maji ya waridi, vitatu hata, kileja kitabaki kinamumunyika. Wairani wana biskuti yao iitwayo nan-e berenji, nayo ni ya unga wa mchele, samli na maji ya waridi, ukiila utadhani imetoka Mkunazini, hapa Mji Mkongwe. Sidhani kama ni bahati tu kwamba jiko lililozoea maji ya waridi lilishika unga wa mchele.

Ukiwa huna ila wa ngano, kipimo kizuri ni cha moja, mbili, tatu: sukari gramu 60, siagi gramu 120, unga gramu 180. Hapo waridi liingie kama petali zilizosagwa na sukari, na maji ya waridi yasizidi kijiko kimoja cha chai.

Nyumba nzima inanukia, lakini biskuti yenyewe haina harufu. Kwa nini?

Kwa sababu ile iliyojaa nyumba ndiyo iliyotoka kwenye biskuti. Jirani amefaidi kuliko wewe.

Harufu ya ua ni mafuta mepesi yanayoruka, na moto unayarusha haraka zaidi. Huwezi kuyazuia yote, lakini unaweza kuyapa mahali pa kujificha, na mahali penyewe ni kwenye samli au siagi. Yeyusha siagi kwa moto mdogo sana, isichemke, tia petali kavu, funika, zima moto, acha saa moja au mbili. Chuja, acha igande tena, ndipo uipige na sukari. Biskuti iliyookwa na siagi hiyo inanukia kidogo ikiwa ovenini na inanukia sana ikiwa mdomoni, na ndivyo inavyotakiwa.

La pili, punguza moto. Biskuti ya maua ninaioka kwa nyuzi 160, sivuki 170. La tatu, nusu ya harufu itie baada ya kuoka: sukari yenye harufu ya kunyunyizia juu, au aisingi nyembamba yenye matone ya maji ya waridi. Na subiri kesho yake. Vileja vya siku ya pili vina waridi zaidi ya vya siku ya kwanza, sijui mtu aliyevila akabisha.

Maji ya waridi ya mrashi yanafaa?

Soma chupa. Yale ya kunyunyizia watu kwenye maulidi na harusi mara nyingine ni maji yaliyotiwa manukato ya kiwandani, hayakukusudiwa tumbo. Ya kupikia yameandikwa kuwa ni ya chakula, na ndani yake mna maji na waridi tu. Arki ni kitu kingine tena, ni kali: palipoandikwa kijiko cha maji ya waridi, arki ni matone matatu. Na ile sharbati nyekundu ya waridi ya kutia kwenye maziwa ni sukari na rangi, itakuharibia kipimo chote.

Walio Maskati wana bahati ya maji ya waridi ya Jabal Akhdar, milima ya huko Oman, ambako mawaridi huchumwa majira ya kuchipua, mwezi wa nne hivi. Yaliyopikwa kwa njia ya kienyeji yana rangi ya kahawia na moshi kidogo ndani yake. Kwenye chai na halua ni matamu. Kwenye biskuti nyeupe mimi huchagua yale maangavu, kwani moshi na siagi havipatani sana.

Petali nilizobandika juu zimegeuka nyeusi.

Zimeungua. Petali ni nyembamba kuliko karatasi, haziwezi kukaa dakika 15 kwenye moto wa juu. Toa treya zikibaki dakika mbili, zibandike, rudisha. Au oka kwanza, paka aisingi, bandika petali kabla haijakauka. Mimi hufanya hili la pili siku zote.

Choya yangu imegeuka rangi ya saruji!

Pole, yalinikuta. Mwaka wa kwanza nilipokea oda ya biskuti nyekundu za choya, nikatia beking soda ili zifutuke vizuri, nikafungua oveni nikakuta kitu kinachofanana na matofali. Oda ililiwa na watoto wa mtaani kwetu, mteja nikamrudishia pesa.

Wekundu wa choya hubadilika kufuatana na uchachu. Kwenye kitu kichachu, kama ndimu, unang'aa. Kwenye kitu cha magadi, na beking soda ni wa ukoo huo, unageuka zambarau, buluu, kisha kijivu cha kijani. Kwa hiyo biskuti ya choya haipati beking soda kabisa. Beking pauda kidogo inavumilika kwa sababu ndani yake mna asidi yake, ingawa rangi hufifia. Hata ute wa yai una umagadi, ndiyo maana aisingi ya ute wa yai iliyotiwa choya hutoka zambarau badala ya nyekundu.

Ninachofanya siku hizi: donge naliacha jeupe, choya naipeleka juu. Vijiko vikubwa viwili vya choya kavu nachemsha kwenye robo kikombe cha maji mpaka yabaki kama vijiko viwili, nachuja, natia matone ya ndimu, halafu nakoroga kidogo kidogo kwenye sukari ya unga gramu 120 mpaka iwe nzito ya kupaka. Inatoka rangi ya rubi, na uchachu wake unakata utamu wa biskuti.

Kwa wanaopenda ubishi: sehemu tunayokula ya choya si petali. Petali huanguka zenyewe, na kinachobaki na kunenepa ni kile kikombe chekundu kilicholishika ua.

Naweza kutumia asumini?

Unaweza, ila usimpeleke ovenini. Asumini ni ua la usiku: vichwa huchumwa jioni vikiwa vimefumba, vinafunguka gizani, na harufu inaendelea kutoka hata baada ya kuchumwa. Hiyo ndiyo siri ya kumtumia. Watengeneza manukato wa Grasse, Ufaransa, walikuwa wakilaza asumini juu ya mafuta yaliyoganda, wanaondoa yaliyonyauka na kuweka mapya, mpaka mafuta yalewe harufu. Jikoni unafanya vivyo hivyo. Paka siagi isiyo na chumvi kwenye sahani, tandaza asumini safi, makavu, yasiyo na umande, funika kwa sahani nyingine, acha usiku. Asubuhi ondoa maua, jioni weka mengine. Usiku wa tatu siagi iko tayari.

Siagi hiyo usiioke. Ichanganye na sukari ya unga, ipake katikati ya biskuti mbili. Ukiioka umechoma kikuba chako bure.

Ua liwe asumini kweli, yule mweupe wa kuvaa nywele. Walio Marekani kusini-mashariki wawe waangalifu sana: kuna mmea wa maua ya manjano ambao huko wanauita jasmini pia, ni ua rasmi la jimbo la South Carolina, na ni sumu.

Zafarani niliyouziwa ni ya kweli?

Chukua vinyuzi vitatu, vitie kwenye kijiko cha maji ya vuguvugu, kaa ukitazama. Ya kweli haina haraka: maji yanageuka manjano polepole, na nyuzi zenyewe zinabaki nyekundu. Ya bandia inamwaga wekundu papo hapo na nyuzi zinabaki zimepauka. Na zafarani ya bei ya bizari haipo.

Kwenye biskuti, nyuzi 15 hadi 20 zinatosha kipimo cha gramu 250. Zisage na punje za sukari, loweka kwenye kijiko kimoja cha maziwa ya moto nusu saa, ndipo utie kwenye samli. Ukizitia kavu moja kwa moja utapata madoa mekundu na ladha ya dawa kwa atakayeiokota.

Karafuu nitie ngapi?

Chache kuliko unavyodhani. Robo kijiko cha chai ya kusaga kwa gramu 250 za unga. Mafuta ya karafuu ndiyo yale yale yanayotumika kutuliza jino, na biskuti iliyozidi karafuu inatia ganzi ulimi. Saga mwenyewe siku hiyo hiyo. Ya kusagwa dukani mara nyingi imechanganywa na makonyo, vile vijiti vya karafuu. Karafuu nzuri ukiibonyeza kwa kucha inatoa mafuta, na ukiitia kwenye maji inazama au inasimama wima. Inayolala juu ya maji imezeeka.

Lavenda mbona inaleta ladha ya sabuni?

Kwa sababu sabuni ndiko tulikoizoea, na kwa sababu umezidisha. Kuna lavenda za aina nyingi, zingine zina kafuri nyingi na hizo ni za kutia kwenye makabati ya nguo. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni ya chakula, tia kijiko kimoja cha chai kwa gramu 250 za unga, isage na sukari, iongozane na ganda la limau. Mimi siipendi. Wateja wanaiomba, ninaoka.

Mawaridi ya kwenye duka la maua, au shada la harusi, yanalika?

Hapana. Waridi linalokuzwa ili lisafirishwe, kama yale ya mashamba ya Naivasha, hupigwa dawa zilizokusudiwa ua la kutazamwa, na kuosha hakuondoi. La kula liwe limekuzwa kwa ajili ya kula, au la uani kwako ambalo unajua halijapigwa kitu. Lichume asubuhi umande ukikauka, kata ile ncha nyeupe chini ya petali maana ni chungu, anika kivulini penye upepo. Juani linapoteza rangi na harufu.

Maua gani nisiyaguse kabisa?

Usile ua usilolijua kwa jina. Picha ya simu haitoshi, rangi haitoshi, na kwamba mbuzi amelila pia haitoshi. Matatu yaliyotuzunguka na yanayopendeza macho: oleanda, ile miti ya maua ya pinki na meupe iliyopandwa kwenye hoteli na kando ya barabara, yote ni sumu ya moyo, jani, ua na kijiti, datura, yenye maua kama tarumbeta, na gloriosa, yenye petali nyekundu na manjano zilizojikunja kama ndimi za moto, ambayo huku pwani huota yenyewe vichakani. Usiyatumie hata kwa kupambia sahani, kwa sababu mtoto hajui tofauti ya pambo na chakula.

Mjamzito, mtoto mdogo, mwenye mzio?

Waridi na karafuu kwa kiasi cha biskuti ni chakula cha kawaida. Choya kwa wingi wajawazito hushauriwa kuiepuka, na mtu anayemeza dawa za presha amuulize daktari wake kwanza, kwani kinywaji cha choya huteremsha presha. Anayepiga chafya kwa sababu ya chavua apewe petali tupu, vitu vya katikati ya ua vitolewe. Au apewe biskuti ya iliki, aishi kwa amani.

Sina oveni.

Mkaa unatosha. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, pasha dakika kumi. Treya ndogo ndani, funika, palia mkaa juu ya mfuniko. Chini uwe mchache sana, juu mwingi kidogo, kwa maana sukari yenye petali inawahi kuungua chini. Fungua mara ya kwanza baada ya dakika kumi. Moshi ukiingia waridi limekwisha, hivyo subiri mkaa uwe umeshika wote ndipo uanze.

Samli, siagi au majarini?

Samli kwa vileja, siagi kwa biskuti za ngano. Majarini ina harufu yake ya kiwandani na itapigana na ua, na ua litashindwa.

Zinakaa muda gani? Zangu zinalegea.

Kwenye mkebe wa kukaza, vileja hukaa wiki mbili bila shida. Masika ni habari nyingine: hewa ya pwani ina maji, na sukari huyavuta. Zirudishe ovenini kwa nyuzi 150 dakika tano, ziache zipoe, zitakuwa kama mpya, kasoro harufu kidogo. Zilizopakwa aisingi haziwezi kurudishwa, kwa hiyo paka siku ya kuzitoa. Petali zilizopakwa ute wa yai na sukari nazo mwezi wa nne hapa kwetu hazikauki, zinabaki zinanata. Nimeacha kuhangaika nazo mpaka upepo wa kaskazi urudi.

Mlangilangi na kilua je?

Harufu yao naipenda mno, mdomoni siitaki. Viache kwenye nywele na kwenye mto.

Mama mkwe wangu kasema hawezi kula ua, ni mambo ya wachawi. Nifanyeje?

Usibishane naye, mwanangu. Mpelekee vileja vya maji ya waridi na iliki bila petali yoyote inayoonekana, pamoja na kahawa. Hivyo anavijua tangu utotoni. Petali zenye kuonekana wawekee vijana.

Nataka kuuza. Kuna la kuangalia?

Tanzania Bara usalama wa chakula uko chini ya TBS (Shirika la Viwango) tangu 2019, ulipotoka TFDA (iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa). Zanzibar ni ZFDA (Wakala wa Chakula na Dawa). Kenya ni KEBS (Shirika la Viwango la huko). Nenda kaulize masharti yao kabla hujachapisha vibandiko. Bei ya biskuti ya zafarani ihesabu kwa nyuzi, si kwa kukisia, maana ndiyo iliyonilia faida mwaka mzima nisijue. Na kwenye kila mfuko andika jina la ua lililomo. "Biskuti za maua" peke yake haimsaidii mtu mwenye mzio, wala yule aliyekatazwa choya na daktari wake.